Mota ikienda polepole, ndipo kigeuzi hupata taabu

Hapa Malindi, ambako maji husukumwa na pampu kutoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, dhana ninayoisikia zaidi kuhusu vigeuzi vya moduli nyingi vya kuendeshea mota za volti ya kati (mitambo inayobadilisha umeme ili kurekebisha mwendo wa mota, iliyojengwa kwa vipande vidogo vinavyofanana, yaani moduli) ni kwamba mota ikipunguzwa mwendo, kigeuzi nacho hupumzika. Naianza hiyo kwa sababu huharibu usanifu kungali mapema, kwenye karatasi.

Mota ikiendelea kudai mkondo uleule, ukweli ni kinyume chake. Kila moduli ina kapasita yake (kifaa cha kuhifadhi chaji) isiyolishwa na chanzo cha nje, bali hujazwa na kupunguzwa na mikondo, ukiwemo ule wa mota, inayopita katika mkono wa kigeuzi, yaani safu ya moduli zilizofuatana. Lifikirie birika la nyumba ya Lamu: ukichota kata moja na kurudisha kata moja, maji hayaonekani kushuka, ukichota kwa muda mrefu kabla ya kurudisha, utaiona sakafu. Mwendo wa mota hupunguzwa kwa kushusha masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde: kwa hezi 50 mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20, na kwa hezi 5 huchukua 200. Mkondo ukibaki uleule, volti ya kapasita hupanda na kushuka takriban mara kumi zaidi, hivyo iliyokuwa ikicheza kwa asilimia 5 hukaribia 50, kiasi ambacho hakuna msanifu anayeweza kukikubali. Dawa iliyozoeleka ni kuongeza volti ya masafa ya juu iliyo sawa katika fezi zote tatu, pamoja na mkondo wa masafa hayohayo unaozunguka ndani ya kigeuzi, ili nishati ihame haraka baina ya mkono wa juu na wa chini. Gharama yake ni transista (swichi za kielektroniki za moduli) kubeba mkondo zaidi na kihami cha mota kubeba mkazo zaidi.

Kwa hiyo aina ya mzigo ndiyo huamua. Pampu ikizunguka kwa nusu ya mwendo huhitaji takriban robo tu ya nguvu ya kuzungusha, basi mkondo hupungua pamoja na masafa na kapasita hutulia. Winchi inayodai nguvu kamili tangu inapoanza kujongea ni jambo jingine kabisa, na usanifu wa pampu haufai kunakiliwa kwake.

Wapo pia wanaodhani kwamba kigeuzi hiki cha mota ni mtambo uleule wa njia kuu za umeme uliopunguzwa ukubwa. Kweli, asili ni moja: Rainer Marquardt na Anton Lesnicar waliuwasilisha Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2010 ukatumika katika Trans Bay Cable, njia ya umeme ya chini ya maji ya San Francisco. Lakini huko masafa ya gridi hayabadiliki, na moduli katika kila mkono huhesabiwa kwa mamia. Mota ya volti 3,300 huhitaji takriban volti 5,400 za mkondo mnyoofu (DC). Kwa moduli za volti 900 hizo ni moduli 6 kwa mkono, na mikono 6 (wa juu na wa chini kwa kila fezi) hufanya moduli 36.

Je, moduli 36 si hatari 36 za kuharibika? Ndiyo, vipande vingi huongeza hitilafu ndogo, na sioni sababu ya kulificha hilo. Ila moduli iliyokufa hufungwa kwa swichi yake ya kupitishia mkondo, na ikiwa msanifu aliweka ya akiba katika kila mkono, mota huendelea kuzunguka.

Dhana ya mwisho ndiyo inayonitia hofu: kwamba swichi kuu ikizimwa na feni zikinyamaza, kabati ni salama. Kapasita ya milifaradi 4 iliyojazwa hadi volti 900 hubaki na jouli 1,620, za kutosha kuua, na rizista ya kuimaliza chaji hiyo huenda imekatika, hasa pale ambapo hewa ya chumvi imekula maungio yake. Baada ya kusubiri muda ulioandikwa mlangoni, fundi avae glavu za volti hizo, achukue mita inayozihimili, apime kapasita ya moduli ya kwanza, kisha ya pili, hadi ya 36.