Je, wajua kwa nini mwani unaochafua tangi la maji ya chumvi ndio huohuo unaoweza kulisafisha?

Mtoto wa kaka yangu alinikuta sebuleni kwangu hapa Tudor, Mombasa, nimepiga magoti mbele ya tangi la samaki, nafunga taa nyekundu ubavuni mwa kipande cha wavu wa plastiki. Akatazama wee, kisha akauliza: "Ami, wiki iliyopita ulikuwa ukiusugua mwani kwa mswaki utoke. Leo wautilia taa umee. Sasa wautaka au huutaki?"

Nautaka, ila si pale ulipokuwa. Nilimjibu hivyo kwa haraka, lakini swali lake lina haki ya jibu refu zaidi, kwa sababu kila afugaye samaki wa baharini nyumbani hufika siku moja akaona mawe yake yamevaa manyoya ya kijani, akasugua, na baada ya siku nne akaona manyoya yamerudi.

Tuanzie kwenye chakula. Kila chembe ya chakula unayotia ndani ya tangi hubaki ndani ya tangi. Samaki hula, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo humtoka kama amonia kupitia matamvua. Amonia ni sumu. Kwa bahati njema, juu ya mawe na mchanga huishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Hapo wengi hupumua wakidhani kazi imekwisha. Nitrati hiyo haina pa kwenda. Wapo bakteria wanaoweza kuirudisha hewani ikiwa naitrojeni, lakini hao huhitaji mahali pasipo na oksijeni, ndani kabisa ya jiwe au chini ya mchanga, na katika tangi dogo nafasi hiyo haitoshi. Fosfati nayo, inayotoka kwenye chakula hichohicho, haina hata njia hiyo ya kupaa hewani. Basi vyote viwili hujikusanya wiki baada ya wiki, na mwani, ambao chakula chake ni nitrati, fosfati, hewa ya ukaa na mwanga, hukuta meza imetandikwa.

Kwa hiyo kusugua mawe kwa mswaki na kuuacha mwani uelee humohumo ni sawa na kufagia taka kutoka chumba kimoja kuingia chumba cha pili. Mwani huoza, na ulichokuwa umebeba hurudi majini.

Sasa nenda pwani ya Nyali siku za bamvua, maji yakiwa yamepwa kabisa. Kwetu Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 siku hizo, kwa hiyo unaweza kutembea mbali hadi karibu na mwamba. Inama utazame jiwe. Utaona zulia fupi la mwani, la milimita chache tu, kama nywele za kichwa kilichonyolewa juzi. Mtu hudhani hapo pana mwani kidogo. La, mwani unaoota hapo ni mwingi ajabu, ila hauachwi urefuke. Tafi na pono na kangaja hupita mchana kutwa wakiukwangua, na wimbi huupiga bila kukoma. Huliwa leo, huota leo. Ule ufupi wake ndio nguvu yake: kila unywele unapata mwanga na kila unywele unaguswa na maji mapya.

Mwanasayansi wa Marekani Walter Adey, wa taasisi ya Smithsonian, alilitazama zulia hilo kwenye miamba ya Karibi akajiuliza kama laweza kuwekwa kazini. Akatengeneza kisahani chenye wavu, juu yake taa kali, na ndoo ya kupinduka iliyomwaga maji kwa mafungu ili kuiga wimbi. Hataza ya chombo hicho aliipata mwaka 1982. Mtindo wake ulitumika katika matangi makubwa ya maonyesho, hata katika bahari ya bandia ndani ya Biosphere 2, lile jengo la kioo la majaribio kule Arizona. Baadaye wapenzi wa samaki wa majumbani wakaupunguza: badala ya kisahani na ndoo, wakausimamisha wavu wima na kuyaacha maji yateremke juu yake kama maporomoko. Huo ndio nilioujenga mimi, na hauhitaji fundi.

Kiini chake ni hiki. Mwani hufuata mahali penye mwanga mkali, maji yanayokwenda kasi na kitu chenye mikwaruzo cha kushika. Ukiutengenezea mahali pamoja penye vyote hivyo kuliko penginepo ndani ya tangi, utaota hapo kwa kasi zaidi, utazimaliza nitrati na fosfati kabla hazijaufikia ule ulio juu ya mawe, na ule wa mawe utasinyaa kwa njaa. Mwani wanyima mwani.

Kwanza ukubwa. Wengi hupima kwa lita za tangi, na hilo ni kosa ninaloliona kila mara. Tangi la lita 200 lenye samaki wawili wanaolishwa kwa adabu huhitaji wavu mdogo kuliko tangi la lita 100 linalomwagiwa chakula. Pima kwa chakula. Kanuni inayotumiwa na wafugaji ni kwamba mchemraba mmoja wa chakula kilichogandishwa kwa siku, wa gramu 3 au 4, huhitaji wavu wa sentimita za mraba 75 hivi, ukimulikwa pande zote mbili. Mimi hulisha kama michemraba miwili, kwa hiyo wavu wangu una upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 15. Ni mdogo kuliko daftari la shule, na wageni hawaamini kuwa kitu hicho kinahudumia tangi zima.

Wavu wenyewe uwe wa plastiki ngumu yenye matundu madogo, kama ile wanayotumia washonaji wa mapambo kupitishia uzi. Usitumie waya wa chuma wala wa shaba kamwe, kwani chumvi itaula, na shaba huua viumbe wengi wa bahari. Kisha fanya kazi ambayo watu huiruka: kuuparuza. Plastiki ikitoka dukani ni laini kama sahani, na mwani unaoanza kushika huteleza na kuanguka nusu nusu. Chukua kipande cha msumeno wa chuma, uburute juu ya wavu kwa kila upande, huku na huku, mpaka ukipitisha kiganja usikie inakung'ata kama mbuzi ya kukunia nazi. Mimi nilitumia karibu saa nzima, mkono ukafa ganzi, na wavu wa kwanza ambao sikuuparuza vya kutosha niliutupa. Tofauti nimeiona kwa macho yangu.

Halafu bomba. Kipande cha PVC cha inchi moja, kizibo upande mmoja, pampu upande wa pili. Chini ya bomba pasua mwanya wa upana wa milimita 3, mrefu kama upana wa wavu, kisha ingiza ukingo wa juu wa wavu ndani ya mwanya huo. Maji yatatoka pande zote mbili na kushuka yameushika wavu kama shuka iliyoloa. Kiasi cha maji ni lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, kwa hiyo wavu wa sentimita 10 wataka lita 500 kwa saa. Huna haja ya kifaa cha kupimia. Kinga kwa ndoo ya lita 10: ijae kwa dakika moja, ikichelewa sana dakika moja na robo. Yakiwa machache, maji hujigawa vijito, na palipo pakavu mwani hufa.

Mbona maji mengi hivyo kwa mwani mdogo? Kwa sababu kila kitu kilicho majini huvaa tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na chakula lazima kipenye tabaka hilo polepole. Mwendo wa kasi hulikwangua tabaka hilo. Wimbi pale mwambani hufanya kazi hiyohiyo.

Taa ni za LED, moja kila upande, za wati 6 au 8 kwa wavu kama wangu, zenye rangi nyekundu ya nanomita 660, ile ya kuoteshea mimea. Klorofili, ule ukijani ambao mwani hunasia mwanga, huifyonza rangi hiyo vizuri. Ziweke sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye wavu, nyuma ya kioo au plastiki angavu, maana matone ya chumvi hurukaruka na hukausha ukoko mweupe juu ya kila kitu. Waya wa stima uachie ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Hili si la kupuuzwa: maji ya chumvi na stima havina mzaha. Na pale juu, mwanya unapokutana na wavu, funika kwa ukanda wa plastiki nyeusi. Mwani ukiona mwanga hapo utaota ndani ya mwanya, na siku moja utakuta maji yanatoka upande mmoja tu.

Siku za kwanza niliziwasha kwa muda wa saa 10 kwa siku, baadaye nikafika saa 18. Mimi huziwasha hasa usiku, taa za tangi zikiwa zimezimwa. Usiku kila kiumbe tangini hupumua na kutoa hewa ya ukaa, asidi huongezeka na oksijeni hupungua. Mwani ukiwa kazini saa hizo huifyonza hewa ya ukaa na kurudisha oksijeni. Kwetu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na sebule ya Mombasa mwezi wa Machi haina baridi.

Kisha subiri. Wiki ya kwanza utaona ukoga wa kahawia, na moyo utakuvunjika. Uukwangue taratibu, usiuoshe wavu mpaka ung'ae. Wiki ya pili huanza madoa ya kijani, na kufikia ya nne au ya tano wavu huwa umevaa nywele za kijani zinazoyumba na maji. Mwani wa mawe hauondoki siku hiyo. Kwangu ulichukua kama miezi miwili, kwanza ukapauka, kisha ukawa unang'oka kwa kuguswa tu.

Kuvuna ndiko kunakokamilisha kazi, na hapa ndipo mtoto wa kaka yangu alipoelewa. Kila siku saba hadi kumi huzima pampu, huutoa wavu, huupeleka jikoni kwenye sinki. Nina kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na kwa ukingo wake huukwangua mwani nikiacha unyasi mfupi wa kijani wa kuanzia upya. Nikichelewa, nywele za ndani hukosa mwanga kwa kufunikwa na za nje, mizizi hufa, na bonge zima hubanduka na kuanguka majini na kila ilichokusanya. Mara moja nilisafiri wiki tatu nikalikuta hivyo. Baada ya kukwangua huusuuza wavu kwa maji baridi ya mfereji kuwaua vidudu wadogo wanaoula mwani, kisha huurudisha mara moja.

Maji yanayoporomoka hukauka upesi, na yanayokauka ni maji tu, chumvi hubaki. Kwa hiyo la kufidia ni maji matamu, usiongeze ya baharini. Chagua pia maji matamu yenyewe. Mji huu una visima vingi vya chumvi, na kisima kilicho karibu na choo cha shimo huwa na nitrati yake tayari, hivyo utakuwa unamwaga kwa mkono mmoja unachokitoa kwa mwingine. Mimi hukinga ya mvua kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi.

Stima ikipotea, wavu hukauka, na kwa joto letu saa chache zatosha kuuua mwani. Ikizidi saa mbili huuchomoa na kuulaza ndani ya maji ya tangi la chini, lile linalopokea maji yanayoshuka, mpaka stima irudi. Tangi hilo la chini liache na nafasi tupu pia, kwani pampu ikisimama maji yote yaliyokuwa bombani hurudi humo.

Ijumaa iliyopita tulivuna pamoja, mimi na kijana. Akalikamua tonge mkononi, akaliweka juu ya mizani ya jikoni: gramu 70. Wiki mbili kabla lilikuwa gramu 95. Akaniuliza kama wavu umeanza kuchoka. Nikamwonyesha kipimo cha nitrati, rangi yake ilikuwa imepungua kutoka wekundu hadi njano hafifu, nikamwambia avute kiti atazame mawe. Tafi alikuwa akidonoa jiwe tupu, hapati kitu. Tukampa kipande cha lile tonge.