Kunyanyuka si kuruka

Kijana anafika karakanani Kajjansi, hapa Uganda, simu mkononi. Video ni ileile: helikopta ya kujitengenezea, fremu ya mabomba, injini ya gari, vumbi jekundu kila upande. Imenyanyuka usawa wa goti. "Fundi, imeruka! Imebaki kuongeza injini tu."

Haijaruka, ssebo. Imeegemea upepo wake yenyewe. Karibu na ardhi, hewa inayosukumwa chini na mapanga hukosa njia ya kupita, na rota, yaani mapanga yote yanayozunguka, huhitaji nguvu kidogo kuubeba mzigo. Ukipanda kiasi cha kipenyo cha rota, msaada huo umekwisha. Tena hapa kwetu, Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mapanga yanashika kidogo na injini inapumua kwa shida.

Injini kubwa inaleta uzito, na inazidi kulazimisha bodi izunguke kinyume cha rota. Kazi iko kwenye kuitawala helikopta yenyewe. Septemba 14, 1939, mhandisi Igor Sikorsky aliinyanyua helikopta yake, VS-300, ikiwa imefungwa ardhini, kwa injini ya nguvu za farasi 75. Hakuiachia huru hadi Mei 1940. Ilirudi nyuma vizuri, ikaenda upande vizuri, kwenda mbele ndiko ikasumbua. Alipangua na kupanga rota zake hadi Desemba 1941. Sasa wewe, jaribio la tatu, umebadilisha mapanga, mkia na mafuta siku moja. Ikitulia utajua ni kipi kilichoituliza? Badilisha kitu kimoja, andika daftarini, ndipo uwashe tena. Mtu asiye na daftari simpi hata spana.

Vijana huniambia pia: "Ikianguka, muundo haufai." Autojairo za kwanza (ndege ambazo rota yake huzungushwa na hewa, si injini) za mhandisi Mhispania Juan de la Cierva zililala ubavu, kwa sababu panga linaloelekea mbele hubeba zaidi kuliko linalorudi nyuma. Dawa yake ilikuwa bawaba kwenye mashina ya mapanga. Januari 1923 ikaruka.

"Injini ikizima inadondoka kama jiwe." Hapana, ukishusha pembe ya mapanga mara moja, hewa inayopanda huyazungusha. Lakini uwe na urefu au mwendo wa kutosha. Ukining'inia usawa wa mvule, huna.

"Ikitetemeka chini, ongeza moto itatulia." Hapana, mtetemo huo ukizidi, rota ya bawaba inaweza kuivunja helikopta kwa sekunde chache. Kama hujui kuirusha, zima!

Majuzi mmoja alinisikiliza yote hayo, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha akauliza: "Kwa hiyo fundi, nitafute injini ya Subaru au ya Toyota?"