Mtoto wa miezi saba bado hajawa mashoto

"Huyu mashoto, kamrithi babu yake." Nimeyasikia tena wiki hii, safari hii kwa bibi mmoja wa Ngamiani aliyekwishaanza kumfunga mjukuu mkono wa kushoto kwa kanga ili azoee wa kulia. Nafanya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) ya watoto hapa Tanga, na nawaomba wenye watoto wa miezi sita hadi minane wanisikilize.

Kukaa na kutambaa nitayapita haraka. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2006 ulikuta watoto wenye afya wakianza kukaa bila kushikwa popote kati ya miezi minne na tisa hivi, na wachache hawakutambaa kwa magoti kabisa. Mtoto wa jirani si kipimo. Mtoto njiti mhesabieni umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Mkono ni habari nyingine. Umri huu mtoto hutumia yote miwili bila kubagua: hunyakua kijiko kwa ule ulio karibu, hukihamishia wa pili, hukipeleka mdomoni. Kuchagua mkono huja baada ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo aking'ang'ania kushoto kwenye miezi saba, mimi nauliza kwanza mkono wa kulia una nini. Huenda upande mmoja wa ubongo uliumia, au mishipa ya fahamu ya bega ilivutika akizaliwa. Mama huniambia, "Lakini alilia vizuri, hakuwa na shida." Namwamini. Wachanga wote hukunja ngumi, ndiyo maana jeraha la ubongo laweza kujificha hadi miezi minne, mitano, wenzake wanapofungua viganja.

Mpakateni, kisha mpeni chungwa dogo mbele ya kifua. Kijiko hudanganya, maana mkono mmoja wakitosha. Chungwa ladai miwili. Halafu shikeni taratibu mkono aupendao, mumwoneshe kitu upande wa pili. Akikichukua bila taabu, vizuri. Kiwiko kikipinda, ngumi ikabaki imefumbwa na gumba ndani, mleteni. Tazameni na mguu wa upande huo akipiga mateke.

Ipo tiba ya kuuzuia mkono usio na tatizo, lakini ni kwa muda mfupi, kwa mchezo, chini ya mtaalamu. Kuufunga kutwa nzima ni kumnyima mkono pekee anaouweza, na chanzo kinabaki hakijulikani.

Mashaka ninayo. Mtoto anayebebwa kila siku ubavu ule ule, mkono umebanwa kwa mama, naye hufika kwangu akitumia mmoja. Kumtazama mara moja hakunitoshi sikuzote kumtofautisha na mgonjwa. Nawaambia wabadilishe ubavu, wampe vitu kwa upande aliouzembea, warudi baada ya wiki mbili. Wengine hurudi hawana tatizo lolote, na mama huona nimemsumbua. Bado nitawaita. Ubongo wa umri huu hujipanga upya kwa wepesi, na kila mwezi wa kungoja una hasara yake. Mkiona dalili hizo mwambieni muuguzi wa kliniki sasa, msingoje chanjo ya surua ya miezi tisa.