Tanki la dizeli ya zamani: yanayosemwa sheli na yaliyo kweli

Ukiwa na Hilux, Hiace au Land Cruiser ya dizeli ya miaka ya 80 au 90, kila sheli ya Tanga ina mtu wa kukufundisha kujaza mafuta. Mmoja atakwambia jaza mpaka mdomoni, mwingine atakwambia usivuke nusu. Mengi ya mafundisho hayo ni ya magari ya petroli au ya nchi za baridi. Hapa tunazungumzia injini zenye pampu ya dizeli ya kimekanika, kama 2L, 3L na 1HZ za Toyota.

Dhana: Tanki lisipojaa, usiku linatoa jasho na dizeli inaingia maji.

Tupige hesabu. Chukua tanki lenye nafasi tupu ya lita 60, na joto la Tanga na unyevu wake wote. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 30 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo lita 60 zina chini ya gramu 2. Usiku ukishuka hadi nyuzi 24, kinachogeuka maji ni kama nusu gramu, yaani matone kumi hivi. Hata hayo hayaji upya kila usiku, kwa sababu hewa ikipoa tanki huvuta ndani lita moja na kidogo tu kutoka nje.

Maji yanayojaa kwenye filta yana njia nyingine. Ya kwanza ni mfuniko. Ufungue, uutazame mpira wake: ukiwa mgumu kama plastiki au una ufa, mvua ya masika inaingia, na muosha magari mwenye mashine ya presha anamalizia kazi. Ya pili ni madumu yaliyolala nje. Ya tatu ni tanki la chini la sheli yenyewe, hasa baada ya mvua kubwa. Kubadilisha mpira wa mfuniko kutakusaidia kuliko kujaza tanki kila jioni.

Dhana hii inapata haki yake kwenye gari linalolala miezi. Hapo jaza, maana matone hujikusanya, na pale maji yanapokutana na dizeli huota bakteria na kuvu. Utawajua kwa ute mweusi unaonata kwenye filta.

Kutoa maji: acha gari lilale usiku kucha ili maji yashuke. Asubuhi, kabla ya kuwasha, weka chupa ya kioo chini ya filta, legeza koki ya chini kidogo, kisha sukuma pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Kwenye chupa maji hukaa chini na dizeli juu, na mstari kati yao unaonekana wazi. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, kaza koki, halafu sukuma tena mpaka pampu iwe ngumu. Kama kila wiki unapata maji, acha kulaumu filta, tafuta yanakoingilia.

Dhana: Mafuta yakiwa kidogo, gari linanyonya uchafu wa chini.

Bomba la kunyonya liko karibu na sakafu ya tanki siku zote, likijaa au likipungua. Kilicho kweli ni kwamba mafuta yakiwa kidogo hupigapiga huku na huku na kuvuruga tope lililotulia, kwa hiyo tanki chafu hujulikana wakati huo. Dawa yake ni kulishusha na kulisafisha.

Hatari kubwa ya mafuta kidogo ni upepo, yaani hewa kuingia kwenye mabomba ya dizeli. Panda kutoka Mombo kwenda Lushoto, au Muheza kwenda Amani, na tanki likiwa chini ya robo: mlimani na kwenye kona dizeli hukimbilia upande mmoja, bomba linabaki wazi, injini inakosa nguvu kisha inazima. Geji itakuwa bado inaonyesha una mafuta. Kwa safari za milimani, robo ndiyo mwisho wa kushuka.

Gari likishavuta upepo, kumimina lita mbili za chupa hakutoshi. Weka lita 10 au zaidi, na kama gari limeinama weka zaidi ya hapo. Sukuma pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Ikikataa kuwa ngumu, legeza skrubu ya kutolea upepo (au, kama haipo, bolti ya bomba linaloingia kwenye pampu ya dizeli), sukuma mpaka povu liishe, kaza. Piga stata isizidi sekunde 15, pumzisha dakika moja, rudia. Ikigoma kabisa, legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili za injini (zinazopulizia dizeli ndani ya silinda), piga stata mpaka dizeli iteme, kaza. Mikono iwe mbali: dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na hilo ni jambo la hospitali. Magari mapya ya komoni reli (yenye bomba moja la presha kubwa mno linalolisha nozeli zote) usiyalegeze mabomba hayo hata kidogo.

Dhana: Tanki likikaribia kuisha, pampu iliyo ndani inaungua kwa kukosa ubaridi.

Hiyo ni ya petroli, ambayo pampu yake ya umeme imezama tankini. Injini tulizozitaja hazina pampu humo. Pampu ya dizeli iko injinini na inavuta yenyewe. Ila kuna ukweli wa pembeni: dizeli isiyotumika hurudi tankini ikiwa ya moto. Ikirudi kwenye lita 10 inazipasha joto haraka kuliko kwenye lita 60, na dizeli ya moto ni nyepesi. Pampu iliyolika huonyesha hapo, gari likigoma kuwaka likiwa la moto na kuwaka vizuri likipoa.

Dhana: Pampu ya sheli ikikata, ongeza mpaka uyaone mafuta mdomoni.

Wanaowahi Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) inapotangaza bei kikomo mpya, ndio wapenzi wa jambo hili. Kwa kawaida pampu hukata mapema kwa sababu dizeli hutoa povu, na povu likifunika kitundu kilicho kwenye ncha ya mkono wa kujazia, pampu inajifunga. Mwambie anayejaza apunguze kasi. Ikikata, subiri kidogo povu lishuke, ongeza kwa kasi ndogo mpaka ikate tena, basi.

Dizeli hutanuka kama asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 80 zikipanda nyuzi 15, hiyo ni karibu lita nzima inayotafuta pa kwenda. Kwenye gari la zamani itapata: mpira wa shingo uliopasuka, bomba la kupumulia, gasketi ya geji juu ya tanki, au mgongo wa tanki wenyewe, ambao hushika tope na chumvi ya pwani na kuoza kabla ya tumbo. Dalili ni harufu ya dizeli siku ya kujaza tu, na vumbi lililolowa juu ya tanki. Dizeli haikauki upesi. Ikimwagika kwenye kona, bodaboda anayefuata ndiye anayeanguka.

Mengine ya haraka. Kwamba tanki likijaa gari linakula zaidi: lita 30 za nyongeza ni kilo 25 hivi, nusu mfuko wa saruji. Kwamba asubuhi unapata mafuta mengi kwa ubaridi: tanki la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki kwa saa. Kwamba usijaze gari wakati lori linashusha mafuta sheli: kweli, ukiweza subiri, tope la chini linakuwa limevurugwa. Kwamba mafuta ya taa yanasafisha nozeli: yana ulainisho mdogo, na pampu inategemea dizeli hiyohiyo kujilainisha. Uchakachuaji ulipungua faida ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa mwaka 2011, lakini wapo wanaojichakachulia wenyewe kwa hiari.

Dhana: Geji ikifika E bado kuna akiba ya lita kumi.

Labda ilikuwa hivyo gari lilipotoka kiwandani. Mkono wa boya (kinachoelea tankini na kuongoza geji) hupinda na waya wake hulika. Ipime: mshale ukigusa mstari wa robo, simama sehemu tambarare, jaza mpaka pampu ikate, soma lita zilizoingia, toa kwenye ujazo wa tanki ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Rudia mshale ukiwa nusu. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi, ibandike nyuma ya kioo cha jua.