Leya sio blanketi jamani

Juzi tena. Nimekaa zangu kwenye banda la gemu Ngamiani hapa Tanga, barabara ya kumi na mbili, nasubiri simu ipate chaji, mara namsikia bwana mdogo mmoja anawafundisha wenzake jinsi nyambizi inavyojificha chini ya leya, yaani pale maji ya joto ya juu yanapokutana na ya baridi ya chini. "Ukishavuka leya tu umepotea, hata meli ije ikae juu ya kichwa chako haikupati, umejifunika blanketi." Wenzake wanaitikia kama wako madrasa. Nikajikohoza. Akageuka, "vipi mjomba, naongopa?" Nikamwambia cheza kwanza tutaongea, nikalipa hela yangu ya chaji nikaondoka, maana ningeanza pale pale wangefunga banda mimi bado sijamaliza. Sasa naandika.

Kwa asiyenijua, mimi napima vina. Savei ya bahari, ekosaunda (chombo cha kupima kina kwa sauti), maltibimu (ndugu yake anayepiga bimu nyingi za sauti kwa mpigo), boti inakwenda inarudi inakwenda inarudi kama mtu anayepiga pasi shuka kubwa. Nyambizi sijawahi kupanda na sitegemei, ila sauti ndani ya maji ndo inayonilisha na kulipa ada za watoto, kwa hiyo mtu akiisingizia naumia kama kamsema ndugu yangu.

Vijana wanasubiri toleo la pili la gemu moja ya nyambizi. Jina silitaji, sio kwa kuogopa, ni kwamba ugonjwa ninaotaka kuusema unazo gemu karibu zote za aina hiyo na nikitaja moja mashabiki wa nyingine watajiona wamepona.

Hofu zao nyingi nazielewa na nazipita haraka. Kwamba itatoka mbichi: ndiyo, itatoka mbichi, gemu ya UBOAT iliuzwa ikiwa bado jikoni tangu 2019 na ndo 2024 wenyewe wakasema sasa imeiva. Kwamba itataka kompyuta ya bei ya bodaboda: ndiyo. Kwamba italazimisha intaneti muda wote: hapa msiwacheke, hofu hii ina historia, gemu nyingine ya nyambizi, Silent Hunter 5, ilipotoka Machi 2010 ilikuwa lazima uwe hewani hata ukicheza peke yako usiku wa manane, na siku za mwanzo tu seva zikashambuliwa watu wakabaki nje na gemu waliyoilipia. Sasa ifikirie hiyo Tanga ya 2010 na modemu ya kuchomeka ambayo ukitaka ishike vizuri unaitoa dirishani umeifunga kwenye kijiti. Mimi sikuinunua. Halafu nyambizi ya kuendesha ilikuwa ya Type VII tu (aina moja ya nyambizi za Wajerumani za vita vya pili), basi, kama umechoka nayo shauri yako.

Ila kuna upande wa pili. Silent Hunter III ya 2005 ilicheleweshwa kwa sababu mashabiki walipiga kelele wanataka kampeni inayobadilika, sio misheni zilizopangwa kama stesheni za treni, na kampeni wakaipata, na watu wanaicheza mpaka leo. Maana yake kelele zinafika. Ndo maana inaniuma kuona kelele za safari hii ni za rangi ya maji, samaki wapite, mwanga wa jua ushuke vizuri, na kutembea ndani ya nyambizi ukifungua makabati. Nyambizi haina dirisha jamani! Mtu yuko mita 150 chini, hao samaki anawaona kwa tundu gani?

Haya, leya. Meli inaitafuta nyambizi kwa sauti, kwa hiyo tuanze na maji ambayo sauti inapita.

Jua linapiga, upepo unakoroga, maji ya juu yanakuwa na joto moja mpaka kina fulani, chini ya hapo joto linaporomoka. Panapoporomoka ndo wachezaji wanapaita leya, themoklaini ukitaka kuonekana umesoma. Wazamiaji wetu wanaijua bila kipimo chochote. Mzee mmoja pale diko la Deep Sea (jina tu hilo, nyinyi mnapajua, maji yake pale ufukweni ni ya kuogea watoto) aliniambia unashuka vizuri tu, halafu mkono wako wa mbele unaingia kwenye maji mengine. Maji mengine. Nimeipenda kuliko themoklaini.

Sasa hesabu. Kwenye maji ya bahari ya nyuzi joto 28 sauti inakwenda kama mita 1,541 kwa sekunde. Kwenye nyuzi joto 24 ni kama 1,532. Tofauti mita tisa, haifiki hata asilimia moja. Hilo ndo blanketi lenu. Sauti haigongi pale ikadunda kama mpira ukutani, wala haimezwi, inapinda tu, na siku zote inapindia upande unaoipunguza mwendo, kama mkokoteni ambao gurudumu moja limeingia mchangani na lingine liko lami. Juu pana kasi, chini panakawia, basi sauti ya meli inayosafiri karibu na mlalo inajikunja kwenda chini, na mbele ya pale inapojikunjia panabaki kivuli, eneo ambalo haifiki au inafika imechoka. Ukiwa ndani ya hicho kivuli, sawa, umejificha. Ila kivuli kina mahali pake. Sio kila palipo chini ya leya ni kivulini, kama ambavyo sio kila aliye nje ya nyumba yuko chini ya mwembe.

Na hapa nina swali ambalo sijapata kijana wa kulijibu: kama leya ni blanketi, mimi nakula nini? Kazi yangu yote ni kupiga sauti toka juu, ivuke hizo leya zote, igonge sakafu, irudi. Na inarudi. Hata ukitoka nje huko mkondo wa Pemba, mamia ya mita, inakwenda na inarudi, waja leo waondoka leo. Ikishuka wima haijui hata kama kuna leya, inawahi au inachelewa kidogo basi. Kwa hiyo bwana mdogo, meli iliyokaa juu ya kichwa chako ndo hiyo hasa ya kuikimbia.

Mambo yote yako kwenye pembe. Chukua yale yale maji yangu ya 28 juu na 24 chini. Sauti ya nyambizi ikipanda toka kwenye baridi, kama inakuja imelala chini ya digrii sita hivi toka usawa, inageuzwa inarudishwa chini. Ikija imesimama zaidi ya hapo inapenya, imepinda lakini imepenya. Digrii sita! Weka rula mezani, inyanyue ncha moja kidogo, hiyo ndo sita. Ukiwa mita 100 chini ya leya, hesabu ya kwenye kiganja inasema meli yoyote iliyo ndani ya kama mita 900 kwa mlalo unaongea nayo ana kwa ana. Faida yako inaanza nje ya hapo. Sasa niambie ni gemu gani inayokuuliza uko mita ngapi chini ya leya na meli iko umbali gani kabla ya kukupa ule mchoro wa jicho lililofumba, alama ya kwamba huonekani. Cold Waters ya 2017 angalau ilihangaika na mambo haya kuliko wengi, nawapa heshima yao.

Mnaona natia chumvi? Njooni niwaonyeshe aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja wakati wa masika tulikuwa tunapima ghuba, asubuhi nikashusha proubu ya SVP, kipimo cha kasi ya sauti kadiri ya kina, nikapata kasti (ndo kipimo cha mshusho mmoja) safi kabisa, maji yamejaa, chumvi imetulia. Saa saba mchana maji yanatoka, mto Zigi umeshiba mvua unamwaga maji yake ya rangi ya chai ya maziwa juu ya maji ya chumvi, na mimi nimeshiba pia, nikaona uvivu kushusha tena. Nikaendelea na kasti ya asubuhi. Jioni nafungua data, sakafu ya bahari imenuna. Katikati ya swathi, ule ukanda wa sakafu unaopimwa kwa mpito mmoja, kina kiko sawa sawa, kingo zote mbili zimeshuka chini, mstari baada ya mstari, chini ya bahari imenuna kama mama mkwe aliyehesabu mahari akakuta pungufu. Ile bimu ya katikati iliyoshuka wima haikujali kitu, za pembeni zilizoenda zimelala ndo zilizopindwa na maji ya mto, na programu haikujua kama zimepinda kwa sababu mimi sikuiambia. Tulirudia siku nzima. Mafuta ya boti nani alilipa tusiulizane.

Sasa hapo ni kina ambacho nguzo ndefu ingegusa chini, na maji yalipinda kiasi cha kunivua nguo. Na halikuwa joto, ilikuwa chumvi. Gemu gani ina mto?

Halafu kuna hili ambalo linaniudhi kuliko hata blanketi lenyewe. Njia ya sauti haina wanwei. Kama sauti ya meli haikufikii kwa njia ile, sauti yako nayo haimfikii, sawa, ila na wewe sikio lako halimpati! Anapiga kelele zaidi yako kwa hiyo hamlingani, lakini njia ni ile ile moja. Kwenye gemu mtu anajichimbia chini ya leya halafu anakaa raha mstarehe anaangalia alama za meli zote kumi na mbili zikitembea kwenye ramani, mwendo, uelekeo, mpaka jina. Umejificha au umekodi ghorofa yenye baraza? Toleo la pili likitaka kunifurahisha linitie uziwi. Nikizama nisisikie, nianze kujiuliza yule aliyekuwa magharibi bado yuko magharibi au keshanizunguka, nibaki na saa ya mkononi na penseli. Hiyo ndo hofu ya nyambizi, sio damu ukutani.

Na leya haikai sehemu moja kungoja uitumie. Wamarekani miaka ya 1930 walikuwa wanafanya mazoezi ya sona, mtambo wa kutafuta nyambizi kwa sauti, kule Guantanamo, Cuba, asubuhi inashika vizuri, mchana inakufa, kesho asubuhi imefufuka. Mimi ningemlaumu opereta kwamba kashiba wali. Kumbe jua lilikuwa linapasha maji ya juu na sauti inajikunja mapema kwenda chini. Ndo Athelstan Spilhaus, mzaliwa wa Cape Town, akatengeneza kile kipimo cha kushusha kinachochora joto kadiri ya kina, na wakati wa vita nyambizi zikafungwa vyake. Hicho nakitaka kwenye gemu, lakini nataka kikosee pia. Kinikute nimepima asubuhi ikawa mchana. Hapa kwetu siku za kaskazi jua likiwa kali na upepo umelala unaiona kabisa, na kusi likianza kukoroga hadithi inabadilika yote.

Niseme na ya upande wangu, msije mkasema najifanya nabii. Mimi napiga mawimbi ya kilohezi 200 hadi 400, umbali mfupi. Nyambizi na meli za vita wako kwenye kilohezi chache na kushuka, umbali wa makilomita, na sauti nzito haibanwi na leya nyembamba, inavuja. Kwa hiyo digrii zangu sita na mchoro wangu wa kivuli chenye ukingo mkali kama kisu ni picha ya ubaoni, baharini ukingo una ukungu. Pia sisi wenyewe kati ya kasti na kasti tunakisia, ripoti zetu haziandiki neno hilo lakini ndo hilo. Niliwahi kushusha proubu mara mbili ndani ya saa moja, boti haijasogea kitu, nikapata leya mbili tofauti, manake leya nayo inapanda na kushuka kwa mawimbi yake ya chini kwa chini. Nilifanyaje? Nikachukua ile iliyofanya data ipendeze.

Na kuna shaka nyingine, hii sijaimaliza moyoni. Labda blanketi linahitajika. Mtu ametoka kazini, ana masaa mawili na umeme wa mashaka, umpe kivuli kinachohama na masikio yaliyoziba, atacheza au ataenda zake kutazama mpira? Sijui. Mimi ningecheza, ila mimi ndo yule anayeshusha vipimo baharini kwa mshahara, sio mfano mzuri.

La kelele nalisema upesi. Bahari ya gemu imenyamaza kama msikiti saa nne asubuhi. Shusha haidrofoni, maikrofoni ya majini, kwenye mwamba wetu wowote uone, kamba wadogo wanafyatua magando yao mpaka unasikia mafuta ya bagia yanachemka mwanzo mwisho. Waweke hao kamba, hawali RAM.

Jana nikarudi bandani, simu tena. Bwana mdogo akanipa kiti, akasema haya mjomba nielekeze. Nikamwelekeza yote haya, rula mezani, digrii sita, akanisikiliza kwa adabu. Nikamwambia sasa hiyo meli ya juu iko mita 300, usikae hapo chini ya leya, toka pembeni, chapa mwendo. Akasema hapana mjomba tulia. Akazima mota, akakaa. Meli ikapita katikati ya kichwa chake, ping, ping, ping, ikaenda zake. Mchoro wa jicho umefumba muda wote. Banda zima likacheka.

Nikaomba chaja.