Dirisha kwanza: kuandaa eneo la kuchorea katika Processing

Anayeanza kujifunza kuchora kwa kodi (yaani maandishi ya programu) huwa na haraka ya kufika kwenye maduara, rangi na vitu vinavyotembea. Mstari wa kufungua dirisha anaunakili, anaubandika, anasonga mbele. Lakini maswali mengi ninayoletewa na wanafunzi wangu (duara halionekani, picha imekatika upande, kila kitu kinaacha mkia) chanzo chake kimo kwenye mistari michache ya mwanzo. Leo nataka tukae hapo hapo.

Ninatumia Processing, lugha ya programu ya kuchorea ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianzisha mwaka 2001 wakiwa MIT Media Lab, Marekani, ili watu wajifunze programu kwa kuona wanachokiandika. Anza na hii:

void setup() {
  size(600, 400);
  background(255);
}

void draw() {
  circle(mouseX, mouseY, 40);
}

Katika size, upana hutangulia na kimo hufuata. Usipoandika mstari huo, Processing inakupa kidirisha cha pikseli (nukta za skrini) 100 kwa 100. Sasa iambie ichore duara penye x ya 300: utatazama dirisha tupu, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Kuchora nje ya dirisha ni halali kabisa. Programu imetekeleza ulichoagiza, ila wewe huoni kitu. Ndiyo maana kitu kisipoonekana, kabla sijagusa rangi wala hesabu, huuliza kwanza: dirisha lina ukubwa gani, na hiki nimekiweka wapi?

Na swali la wapi lina mtego wake. Shuleni tulichora grafu zenye sifuri chini kushoto, y ikipanda juu. Hapa sifuri iko kona ya juu kushoto, na y inaongezeka kadiri unavyoshuka. Ukitaka mpira uruke juu, unapunguza y. Utaratibu huu umetokana na skrini za zamani, ambazo mwale wake ulichora mstari baada ya mstari kuanzia juu kushoto, nayo kumbukumbu ya picha ikapangwa kwa mfuatano huo huo. Mpaka leo, katika orodha ya pixels, inayoshika rangi ya kila pikseli ya dirisha, pikseli iliyo kwenye x na y utaipata kwa x + y * width. Angalia pia kwamba hesabu inaanzia sifuri: kwenye dirisha la 600 kwa 400, pikseli ya mwisho kulia chini ni 599, 399. Nukta uliyoiweka 600, 400 tayari iko nje.

Size iwe mstari wa kwanza ndani ya setup. Tangu toleo la 3, la mwaka 2015, Processing inazichomoa namba za size kabla setup haijaanza kazi, kwa hiyo huwezi kuandika size(upana, kimo) ukitumia vigeu (majina yanayobeba thamani) vyako mwenyewe. Ukilazimika kuvitumia, hamishia size kwenye funksheni iitwayo settings. Anayeanza hahitaji hilo. Aandike namba tu. Wala asijaribu kuita size mara ya pili ili kupanua dirisha katikati ya programu, kwani hiyo si kazi yake.

Tuje kwenye background, maana hapa ndipo mtu anapoelewa kweli kinachoendelea. Endesha kodi ya hapo juu, kisha zungusha kipanya. Maduara yanarundikana, moja juu ya jingine, mpaka dirisha linajaa. Sasa uhamishe ule mstari wa background(255) uwe wa kwanza ndani ya draw, uendeshe tena. Limebaki duara moja linalokufuata. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, mstari umehama tu. Setup inatekelezwa mara moja, programu inapoanza. Draw inarudiwa, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde, na Processing haifuti kilichochorwa kwenye fremu iliyopita, yaani mzunguko uliopita wa draw. Inachora juu yake. Background ndiyo inayopaka dirisha zima upya. Ukiiweka kwenye setup umepata karatasi inayohifadhi kila alama. Ukiiweka kwenye draw umepata mwendo. Yote mawili yana matumizi yake, lakini uchague ukijua unachagua nini. Kama mchoro wako hausogei kabisa, andika noLoop() ndani ya setup, kompyuta isichoke kuchora kitu kile kile.

Baada ya size kutekelezwa, unapata vigeu viwili vya bure: width na height. Vitumie tangu siku ya kwanza. Katikati ya dirisha ni width / 2 na height / 2, si 300 na 200. Ila kuna jambo linalowatesa watu hapa. Mwanafunzi anataka kuweka kitu kwenye theluthi mbili za upana, anaandika width * (2/3), na kitu kinang'ang'ania ukingo wa kushoto. Processing imejengwa juu ya lugha ya Java, na katika Java namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, desimali hutupwa. Kwa hiyo 2/3 ni 0, na 600 mara 0 ni 0. Andika width * 2 / 3 utapata 400, au width * 2.0 / 3 ukitaka desimali zibaki.

Kwenye skrini zenye pikseli zilizobanana sana, michoro inaweza kuonekana ina ukungu. Weka pixelDensity(2) mara baada ya size. Width itabaki 600, maduara yako hayatahama, lakini orodha ya pixels itapanda kutoka pikseli 240,000 hadi 960,000. Kama unaigusa orodha hiyo moja kwa moja, badala ya width tumia pixelWidth.

Wanaofanya kazi kwenye kivinjari watumie p5.js, ndugu ya Processing inayotumia JavaScript, iliyoanzishwa na Lauren McCarthy. Mpangilio ni ule ule, ila size inakuwa createCanvas, na huko vigeu vinakubalika. Ukitaka mchoro ujaze ukurasa, andika createCanvas(windowWidth, windowHeight), kisha ndani ya windowResized, funksheni inayoitwa ukubwa wa dirisha la kivinjari ukibadilika, uite resizeCanvas kwa vipimo vipya. Kumbuka tu kwamba resizeCanvas inafuta kilichokuwepo, kwa hiyo mchoro uliokuwa ukirundikana utaanza upya.

Kabla ya kuendelea na somo lolote la mbele, huwapa wanafunzi jaribio moja. Chukua mchoro wako uliokamilika, badilisha size kutoka 600, 400 kwenda 900, 300, usiguse kingine, uendeshe. Kilichobaki mahali pake kulingana na dirisha kilipimwa kwa width na height. Kilichokatika au kuhamia kando kina namba uliyoiandika kwa mkono. Itafute, uibadilishe, uendeshe tena.