Udiwani huku kwetu: kabla ya kuchukua fomu, tazama kalenda ya korosho

Sifa za kisheria za kugombea udiwani si nyingi, na wengi wanaokuja kuniuliza wanazo. Uwe raia wa Tanzania, umetimiza miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, unaishi ndani ya halmashauri, una shughuli halali ya kukuingizia kipato, na umedhaminiwa na chama cha siasa, maana sheria zetu hazina mgombea binafsi. Hayo utayahakiki jioni moja. Kazi iko kwingine.

Nilikuwa mtendaji wa kata huku uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, mpaka nilipostaafu. Mtendaji ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani ndiye mwenyekiti wake, kwa hiyo nimeandika mihutasari ya madiwani wa kila namna. Anayekuja kuniuliza "nigombee?" kwa kawaida huanza na hesabu ya kura: kijiji kile ni cha kwetu, ukoo ule uko upande wangu. Mimi humuuliza swali jingine. Siku ukiapishwa, utakuwa huru kusema?

Vitu viwili humfunga diwani mdomo. Cha kwanza ni ahadi.

Waulize wananchi wa Newala au Tandahimba wanataka nini, watakutajia maji, barabara na umeme, na maji yatatajwa kwanza. Sasa angalia vitu hivyo viko kwa nani. Barabara za vijijini ziliondoka mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 zikaenda TARURA, wakala wa serikali wa barabara. Maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Umeme ni TANESCO na REA, wakala wa umeme vijijini. Diwani anaweza kuwahoji watu hao, kuwaandikia, kuwafuata ofisini mpaka wachoke naye, na diwani anayejua kufuatilia ana thamani kubwa sana kwa kata yake. Lakini fedha zao hazipangi yeye. Akisimama jukwaani kusema "nitawaletea maji", ameahidi kitu kilichomo kwenye bajeti ya mwingine.

Halafu kuna muda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Uchaguzi uliopita ulifanyika 29 Oktoba 2025, bajeti ya 2025/26 ilikuwa imeshapitishwa na inatumika. Diwani mpya aliikuta. Bajeti ya kwanza anayoweza kuitia mkono ni ya kuanzia Julai 2026. Aliyeahidi darasa ndani ya miezi mitatu amejitafutia kesi na wapiga kura wake mwenyewe.

Yapo ambayo ni ya baraza hasa: zahanati, madarasa, masoko, ushuru wa mazao, sheria ndogo, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapo diwani ana nguvu kweli, akizijua namba. Kuna kikao cha kamati ya kata sikisahau. Tumebanana kwenye madawati ya watoto, mwenyekiti wa kijiji kaleta ombi la kuezeka boma la zahanati ambalo wananchi walilipandisha kwa nguvu zao, likabaki linanyeshewa. Diwani hakuhutubia. Alifungua daftari akaanza kuuliza: mabati mangapi, mbao kiasi gani, kijiji kimechanga shilingi ngapi, fundi kasemaje, nani kaangalia lenta kama bado nzima. Hakufunga kikao mpaka kila swali limepata jibu. Barazani alikwenda na karatasi moja, na boma likaingia kwenye mpango. Mwenzake wa kata nyingine aliomba "zahanati ya kisasa" kwa maneno matamu, akarudi mikono mitupu.

Cha pili ni fedha, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Hela ya huku ina msimu. Julai na Agosti, vyama vinapofanya kura za maoni za kupata wagombea, mkulima yuko shambani anapuliza mikorosho dawa ya salfa na mfukoni hana kitu. Kampeni zinaangukia Septemba na Oktoba, korosho ndiyo kwanza zinaokotwa. Minada ya stakabadhi ghalani, ambako korosho zilizokusanywa maghalani huuzwa kwa njia rasmi, hufunguliwa Oktoba, na malipo ya maana yanaingia Novemba na Desemba, matokeo yameshatangazwa. Mgombea mkulima anahitaji fedha miezi ileile ambayo hana.

Ndipo anapokuja mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo. Anakupa hela leo, unamlipa kwa korosho za msimu, kwa bei ya kutupa. Kuuza korosho zako kwa njia hiyo ili ulipie kampeni ni hasara ya nyumba yako. Kuna kibaya zaidi: kupewa pikipiki, mafuta na fulana na mnunuzi huyohuyo, akakwambia usijali, tutaongea. Mtaongea kweli. Nimekaa kwenye mkutano wa kijiji ambapo akina mama wanalalamika kwamba korosho za watoto wao zimekwenda kwa kangomba, na diwani anatazama meza. Kila mtu pale alijua kwa nini. Iliniuma, kwa sababu alikuwa kijana mwenye akili na aliipenda kata yake.

Kwa hiyo kaa na karatasi. Andika gharama za fomu ya chama, bodaboda, chakula cha wanaokusaidia, posho za mawakala vituoni. Kama jumla haitoki kwenye mauzo yako ya msimu uliotangulia, au kwenye michango ya wazi ya watu wasiokudai kitu, subiri miaka 5. Na usiweke humo fungu la kugawa kwa wapiga kura. Mahakama Kuu ilishaifuta takrima mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ipo.

Zungumza pia na mwenzi wako kabla hujazungumza na chama. Udiwani si ajira, una posho. Ukishakuwa mheshimiwa, kila msiba unakusubiri, kila unyago unakualika, na kila mzazi mwenye mtoto wa sekondari anajua mlango wako. Nyumba isiyokubaliana kuhusu hilo itateseka.

Dada zangu mnaofikiria viti maalum: ni njia halali na imetoa madiwani hodari. Ila kama vijiji vyako tayari vinakuita kwenye mashauri yao, mimi ningekushauri ugombee kata.

Fomu zijaze mapema, mbele ya mtu makini. Jina, tarehe na saini za wadhamini zimeshaengua watu wengi waliokuwa na kura.

Na kabla hujaamua, hudhuria baraza la madiwani la halmashauri yako. Hukaa kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kusikiliza. Kaa mpaka mwisho, hata taarifa ya fedha ikikuchosha. Angalia nani amesoma makabrasha na nani anayafungua pale pale, maswali gani yanamfanya mkurugenzi ainuke kujibu. Ukitoka, jiulize kama ungependa kukaa pale kwa miaka 5.